Kwa Heshima ya Beringi Inayolia

Tembo amekwisha kusifiwa. Simba amesifiwa mpaka amechoka, ndiyo maana mchana kutwa yuko chali. Faru wa Ngorongoro ana askari wa kumlinda na wageni wa kumtazama kwa darubini. Hata vumbi la Karatu, lile jekundu linaloingia kwenye soksi nyeupe na kuhamia humo moja kwa moja, lina watu wanaolipiga picha jua linapozama na kuisifia rangi yake. Lakini tangu mji huu uanze kula kwa mkono wa watalii, sijasikia mtu akisimama mbele za watu kuisemea mema beringi iliyochakaa. Hakuna kanga iliyoandikwa kwa ajili yake, hakuna shairi la gazetini, hakuna hata maandishi ya nyuma ya daladala. Leo nasimama mimi.

Sizungumzii beringi mpya. Mpya haina cha kusifiwa: imelala ndani ya boksi, imepakwa mafuta, imefungwa kwa karatasi, na haijamfanyia mtu yeyote kazi. Nazungumzia ile inayolia, ambayo grisi yake imekauka ikawa gamba, gololi zake zimechimbika, na kila ukiwasha mashine mtaa mzima unajua umewasha. Sababu ya kuitetea naitoa mapema, asiyeipenda aishie hapa: katika mji unaoishi kwa kutabasamu, beringi mbovu ndiyo pekee inayosema jinsi inavyojisikia.

Mtu hasifiwi bila kutajiwa ukoo, basi tuutaje. Mwaka 1794 Philip Vaughan, bwana mmoja wa viwanda vya chuma kutoka Carmarthen huko Wales, alipata hataza ya ekseli ya gari la farasi inayozunguka juu ya gololi. Wazo lilikuwa zuri, ila halikusonga sana kwa miaka mingi, kwa sababu gololi ambayo si duara kamili ni kokoto tu, na mikono ya wakati ule ilikuwa haijui kutengeneza maelfu ya gololi zilizolingana. Ilibidi kumsubiri Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, ambaye mwaka 1883 alibuni mashine ya kuzisaga gololi zikatoka zote duara na zote saizi moja. Mwaka 1907 akaja Sven Wingquist wa Gothenburg, Sweden, fundi wa kiwanda cha nguo kilichojengwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Kila udongo ulipohama, shafti za kiwanda zilipinda na beringi zikafa. Wingquist hakuulaumu udongo. Akabuni beringi inayojinyoosha yenyewe shafti inapopinda, na kampuni aliyoanzisha mwaka huohuo, SKF, mpaka leo maboksi yake yamejipanga kwenye maduka ya spea kuanzia Arusha hadi Kigoma, ya kweli na ya feki bega kwa bega.

Anayedhani huu ni ukoo wa watu wadogo aulize kilichotokea mwaka 1943. Marekani ilipotafuta kitu kimoja cha kukivunja ili jeshi la Hitler lishindwe kutembea, haikuchagua kiwanda cha mizinga. Ilichagua Schweinfurt, mji wa beringi. Ilipiga tarehe 17 Agosti, ikarudi tarehe 14 Oktoba ikiwa na ndege karibu 300, na siku hiyo ya pili peke yake ndege 60 hazikurudi. Kila moja ilikuwa na watu kumi ndani. Nani amewahi kupeleka kikosi cha namna hiyo kwenda kuvunja kiwanda cha vitasa?

Sasa tushuke kutoka mawinguni, turudi Karatu.

Hapa beringi inajulikana zaidi kupitia magari. Lami iliyotoka Makuyuni ikapita Mto wa Mbu, ikapanda Rhotia na kuukata mji wetu katikati, kwa miaka mingi imekomea geti la Loduare. Kuanzia hapo Land Cruiser inapanda msituni hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, inateremka ukuta wa mita 600 kwa njia ya Seneto, inazunguka chini huko nusu siku, kisha inapandishwa tena kwa Lerai ikiwa kwenye gia ya chini. Nyingine zinaendelea kwenda Serengeti juu ya changarawe iliyojikunja mawimbimawimbi, ndani ya vumbi lenye majivu ya volkano ambayo kazi yake ni kulamba chuma. Dereva mzoefu anaijua beringi ya gurudumu kwa sikio. Akikunja kulia, uzito unahamia kushoto. Mlio ukipanda, mgonjwa yuko kushoto. Akikunja kushoto na mlio ukapanda, mgonjwa yuko kulia. Haihitaji kompyuta, inahitaji dereva aliyezima muziki. Na anayo sababu ya kusikiliza, maana ada ya kushuka kreta hulipwa kwa gari na inapita dola 200. Beringi inayonguruma ukiwa bado Karatu imekuokolea hela hiyo, na imekuepusha kusimama Lerai na wageni sita wanaouliza maswali kwa upole.

Hata hivyo ushujaa wa kweli hauko kwenye gari. Gurudumu la Land Cruiser likienda kilomita 50 kwa saa halifikishi mizunguko 400 kwa dakika. Beringi ninayoiheshimu mimi inazunguka zaidi ya mara 10,000 katika dakika hiyohiyo, tena ikiwa gizani, imezibwa ndani ya bati, inapulizwa na hewa iliyotoka kwenye mazulia ya watu. Ni beringi ya mota ya kifyonzavumbi cha zamani.

Utashangaa vifaa hivyo vimefikaje huku. Karatu ni baridi. Mwezi wa Julai ukungu unashuka kutoka Oldeani na mtu mzima anavaa makoti mawili. Wazungu walioanzisha mashamba ya kahawa pande hizi tangu miaka ya 1920 walijenga nyumba zenye sakafu za mbao, wakatandika mazulia, na baada yao loji na nyumba za wageni zimeendeleza mtindo uleule. Penye zulia na vumbi letu hapakosi kifyonzavumbi. Vingi siku hizi ni vya plastiki, vikifa vinatupwa. Lakini ukiingia stoo za nyumba kongwe, nyuma ya ndoo na mifagio, bado utakutana na kile cha chuma, kirefu na cha mviringo, kinachoteleza juu ya reli mbili, cha ukoo wa Model V ambayo Electrolux iliitoa mwaka 1921. Kizito, hakivunjiki, na waya wake umefungwa utepe mweusi sehemu zaidi ya moja. Kimoja cha aina hiyo nakifahamu vizuri, kiko kwenye nyumba ya wageni njia ya Rhotia, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Wahenga wa kifyonzavumbi wenyewe walikuwa watu wa kuheshimika. Mwingereza Hubert Cecil Booth alianza mwaka 1901 na mtambo mkubwa uliovutwa na farasi hadi mlangoni kwa mteja, mipira mirefu ikapitishwa madirishani, na mwaka uliofuata akaitwa kusafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla mfalme Edward VII hajavishwa taji. Lakini aliyekifanya kiingie mlangoni alikuwa msafishaji wa jengo, James Murray Spangler wa Ohio, Marekani, mgonjwa wa pumu aliyechoka kukohoa kila anapofagia. Hataza yake ni ya mwaka 1908, na akamuuzia Hoover. Naona ni haki kabisa kwamba mashine hii ilitokana na kifua cha mfagizi, si na kichwa cha mwenye nyumba.

Beringi yenyewe sasa. Ile inayokutwa kwenye mota nyingi za vifaa vya nyumbani inaitwa 608: tundu la ndani milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Inakaa kwenye ncha ya kidole gumba. Ndani yake mna gololi saba zilizotenganishwa na kizimba chembamba cha bati, zinazokimbia kati ya pete mbili, na grisi kidogo ambayo kiwandani walidhani inatosha maisha yote, maana hawakuwaza Karatu. Vumbi letu ni laini kuliko unga wa sembe. Linapita kwenye mfuko wa kitambaa wa mashine za kale na kutokea upande wa pili, na mashine za namna hii hupooza mota kwa hewa ileile iliyofyonzwa. Kwa hiyo kila zulia linalosafishwa, beringi inalambishwa sehemu yake. Mwaka baada ya mwaka grisi inakuwa tope, tope linakuwa gamba, gololi zinaanza kusagana na chuma.

Na hapo ndipo tabia yake njema inapoonekana. Kwanza hutoa sauti nyembamba, ya kistaarabu, kama mtu anayekohoa ili ajulikane yuko mlangoni. Miezi inapita. Hakuna aliyejali, inaongeza kidogo: mluzi wakati wa kuwasha, mtikisiko wakati wa kuzima. Kisha mngurumo. Kisha harufu ya moto, na cheche za buluu kwenye kaboni kwa sababu shafti sasa inayumba. Mwisho ni ule ukelele unaowatoa kuku wa jirani kwenye banda. Katika safari hiyo yote haikuficha chochote. Kila hatua imetoa taarifa, kwa sauti, kwa kila mtu, bila kuchagua cheo.

Ilinganishe na ndugu zake ndani ya mashine ileile. Kaboni inakwisha kimyakimya, leo ipo, kesho mashine haiwaki na wewe umeshika swichi unaitazama. Fyuzi ndiyo mbaya zaidi, inaondoka bila kuaga. Waya wa ndani unaungua na kukuachia moshi badala ya maelezo. Beringi peke yake ndiyo inayokupa muda wa kutafuta hela.

Sasa jilinganishe wewe. Sisi watu wa huku tumelelewa vizuri. Ukiulizwa habari za nyumbani, ni nzuri. Za watoto, nzuri. Za kazi, nzuri. Za tangu juzi, nzuri tu. Baada ya hapo, mkono ukiwa bado ndani ya mkono wa mwenzako, ndiyo unatamka: ila mama kalazwa. Beringi haina subira hiyo. Inaanza na ila. Kwa mji wetu hiyo ni utovu wa adabu mkubwa, kwani biashara yetu nzima imejengwa juu ya nzuri. Mgeni akiuliza barabara ikoje, ni nzuri. Akiuliza mvua, itakatika. Mhudumu ambaye mshahara umechelewa anapokea mabegi kwa meno thelathini na mawili. Katika kwaya hiyo tamu, kitu pekee kinachotoka nje ya sauti ni gololi saba ndani ya bati, stoo.

Niliikuta mashine ya Rhotia kwenye meza ya fundi karibu na stendi, mmoja wa wale wanaotengeneza pasi, blenda na redio na hawakatai kitu. Dada wa usafi alikuwa ameileta kwa bodaboda, ameipakata.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Inalia tangu lini?”

“Tangu Pasaka.”

“Na mmeendelea kuitumia?”

“Bosi alisema haijafa, inaongea tu. Akasema tuwe tunaiwasha wageni wakishaenda kreta.”

Hapo nikaelewa kwa nini hakuna mgeni aliyewahi kulalamika. Magari yanatoka alfajiri yawahi geti, na ukelele unaanza saa tatu asubuhi, nyumba ikiwa na wafanyakazi peke yao. Mkuu wa nyumba alikuwa amepata dawa ya kelele bila kugusa mashine.

Fundi aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye bati, akaweka mpini sikioni, akawasha kidogo, akazima. Kisha akafungua. Kutoa beringi ya mota kongwe ni kazi ya adabu kuliko ya nguvu. Nati ya feni mara nyingi imekatwa nyuzi za kinyume ili isijifungue mota inapozunguka, na asiyejua hilo huikaza huku akidhani anaifungua mpaka shafti inakatika. Yeye alijua. Akaisogeza upande usiotarajiwa, ikaachia. Beringi hakuipiga nyundo. Aliivuta kwa pula ya miguu miwili, tena kwa kushika pete ya ndani, polepole, mpaka ikatoka na mlio mdogo wa kukubali yaishe. Akaiweka kiganjani kwangu. Niliizungusha kwa kidole: ilikwenda robo, ikakwama, ikaenda tena, nikasikia kila shimo. Gamba jekundu lilikuwa limejaa pembeni. Ilikuwa Karatu nzima, milimita 22.

Kupata mpya kulitupa darasa jingine. Maduka ya spea ya Karatu yana beringi tele, ila ni za bodaboda: 6202, 6301, 6302, na za rola za Land Cruiser. 608 hakuna anayeiulizia. Muuzaji mmoja, kijana mwenye akili ya biashara, alitoa kimidoli cha kuzungusha vidoleni, kimoja cha vile vilivyosumbua dunia nzima mwaka 2017, na kutuonyesha kwamba katikati yake kuna 608. Alisema kweli, saizi ni ileile. Lakini beringi ya mdoli haikuandaliwa kwa mizunguko elfu kumi, mara nyingi haina hata grisi, na ukiitia kwenye mota itajaribu kwa moyo mmoja kisha itatawanyika. Tulimshukuru. Ikabidi kuagiza Arusha, karibu kilomita 150, na kumpa maagizo aliyetumwa: isiwe na ngao ya bati, iwe na mpira pande zote mbili, herufi ziwe 2RS, kwa maana ngao ya bati ina mwanya na vumbi letu halihitaji kukaribishwa mara mbili.

Tena achunguze feki. Hili ndilo doa pekee kwenye heshima ya ukoo, na si kosa lao. Boksi lina jina kubwa, rangi zake zote zipo, maandishi yamenyooka, ndani mna chuma laini kilichochongwa kwa haraka. Beringi feki nayo hulia, lakini inalia mapema, kabla haijafanya kazi ya kuliliwa. Hiyo siisifu.

Hesabu basi waliokula kwa kifo cha kitu kimoja kidogo. Bodaboda wa Rhotia kala. Fundi kala. Konda wa gari la Arusha kabeba kifurushi na kupewa chochote. Mwenye duka la Arusha kauza. Mama lishe wa jirani kauza chai na chapati kwa wote waliokuwa wakisubiri, mimi nikiwemo. Nimesoma mipango ya maendeleo yenye kurasa nyingi ambayo haikumfikia mama lishe hata mmoja.

Na hata marehemu hatupwi. Mwanafunzi wa shule ya msingi aliyekuwa amesimama mlangoni kwa fundi, begi mgongoni, alikuwa anasubiri kitu hichohicho. Fundi akaivunja pete kwa nyundo sasa (sasa iliruhusiwa), gololi saba zikamwagika kwenye sahani ya chuma. Kubwa kidogo kuliko punje ya mtama, zimekwaruzika, lakini bado zinang'aa. Zile kubwa za magari ndizo zenye thamani zaidi kwenye michezo yao, na beringi nzima ya gari ikipatikana hugeuka gurudumu la kigari cha mbao kinachoshuka mteremko kwa kishindo kile ambacho wazazi wote wa Karatu wanakilaani na wote walikifanya.

Mpya ilipofika, fundi aliisukuma shaftini kwa kipande cha bomba kinachogusa pete ya ndani tu, kwani ukibonyeza pete ya nje nguvu inapita kwenye gololi na umeiua kabla haijazaliwa. Akasafisha kaboni, akafunga, akawasha. Mota ikaimba, na alipoizima iliendelea kuzunguka yenyewe kwa muda mrefu kabla ya kutulia. Ndiyo dalili ya uzima: yenye ugonjwa husimama ghafla, kama ilikuwa inaomba kusimama siku zote. Dada akaipakata tena, akalipa, akaomba risiti.

Hapo nilisikia kitu nisichokitarajia. Aliyemwambia bosi mara ya kwanza kwamba mashine inalia, akamwambia mara ya pili, na ya tatu akaambiwa ana mdomo, ni yeye. Aliambiwa avumilie. Akajibu kwamba yeye anavumilia, mashine ndiyo haivumilii. Bado yuko kazini, kwa bahati.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwa wenye loji na nyumba za wageni wa Karatu, Rhotia na pande zote za ukingoni. Mwaka huu, mhudumu, dereva au mpishi akija kuwaambia kwamba kuna kitu kinalia, msimwambie awashe wageni wakishaondoka. Msimtafutie mwingine anayetabasamu zaidi. Mpeni nauli ya Arusha, mwandikieni 608 2RS kwenye karatasi, na beringi ya zamani ikitoka, mwekeeni yule mtoto wa mlangoni.